Mnara Umefika, Bando Bado

Desemba 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, liliwasha intaneti ya kasi kwenye kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Miezi minne kabla yake huduma hiyo ilikuwa imefika kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720. Mpanda mlima anayefika kileleni alfajiri, meno yakigongana kwa baridi, sasa anaweza kujipiga picha na kuituma kwao kabla hajaanza kuteremka. Sina ugomvi na jambo hilo. Utalii huleta fedha za kigeni, na mpagazi aliyezidiwa mlimani anahitaji kuitiwa msaada haraka.

Ila anayetaka kujua intaneti isiyotumia waya itakua kiasi gani nchini Tanzania asitazame juu. Ateremke kwenye vijiji ambako mnara unaonekana kutoka kila ua, mtandao wa 4G unashika vizuri, na bado watu wengi hawamo mtandaoni. Huko ndiko soko lilipo, na huko ndiko lilikokwama.

Tuanze na hesabu, maana hesabu za mawasiliano zina ujanja wake. Mwishoni mwa 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa takwimu za laini za simu zipatazo milioni 86.8, na usajili wa intaneti takriban milioni 48. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, watoto wa mgongoni wakiwemo. Ukizisoma namba hizo kwa haraka utadhani karibu kila mtu mzima yuko mtandaoni. Sivyo. Kinachohesabiwa ni usajili, na Mtanzania wa kawaida ana laini mbili au tatu: moja ya kupokelea fedha, nyingine kwa sababu bando lake lina nafuu, ya tatu kwa sababu kijijini kwa wazazi ndiyo pekee inayoshika. Kila laini iliyogusa intaneti inaingia kwenye hesabu. TCRA hiyohiyo ilionyesha kwamba simu janja zilizokuwa mikononi mwa watu hazikuzidi sana theluthi moja ukilinganisha na idadi ya watu, wakati mawimbi ya 4G yaliwafikia zaidi ya watu wanane katika kila kumi.

Hiyo tofauti kati ya wanane na watatu ndiyo habari yenyewe.

Wala si ya Tanzania peke yake. GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, kilikadiria kwamba mwishoni mwa 2023 ni asilimia 27 tu ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara waliokuwa wakitumia intaneti ya simu. Asilimia 13 walikuwa wanaishi mahali ambako mtandao wa kasi haujafika. Asilimia 60 waliobaki walikuwa chini ya mnara, mawimbi yakiwapita juu ya vichwa, bila kuyatumia. Kwa miaka mingi wanasiasa wetu wamekuwa wakiomba kura kwa kuahidi mnara. Mnara umekuja, na mwenye kuahidi bado anaongelea mnara.

Kwa nini mnara na si waya? Kwa sababu waya haukuwahi kuja. TTCL ilikuwa peke yake katika simu za mezani tangu ilipotoka mikononi mwa Posta na Simu, na mpaka ukiritimba wake ulipofikia ukomo 2005, na hata baada ya hapo, nchi nzima haikuwahi kufikisha laini laki mbili za simu za mezani. Ulaya na Marekani zilipopata intaneti ziliipitisha kwenye shaba iliyokuwa tayari imelala chini ya kila mtaa. Sisi hatukuwa na shaba ya kupitishia kitu. Aliyetaka intaneti mwaka 2003 alikwenda intaneti kafe, akalipia kwa dakika, akangoja ukurasa ufunguke kwa uvivu kutoka kwenye dishi la setilaiti lililokuwa linagharimu kampuni dola maelfu kila mwezi.

Julai 23, 2009 mambo yalianza kubadilika. Rais Jakaya Kikwete alizindua mkongo wa SEACOM jijini Dar es Salaam, wa kwanza kuiunganisha pwani yetu na dunia kwa nyuzi za kioo zilizopita chini ya bahari. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Serikali nayo ikajenga Mkongo wa Taifa kwa mkopo wa China, ukafika mikoani na mipakani, ukiziuzia uwezo hata nchi jirani zisizo na bahari. Kuanzia hapo suala halikuwa tena jinsi ya kuileta intaneti Tanzania. Suala likawa jinsi ya kuitoa kwenye mkongo na kuifikisha kwa mtu, na jibu pekee lililokuwa na maana ya kibiashara lilikuwa hewa.

Hewa hiyo imezika kampuni nyingi. Vijana wa leo hawaijui Sasatel, iliyokuja 2009 na modemu za CDMA zilizokuwa gumzo la Dar kwa muda. Zantel nayo ilikuwa na modemu zake, na kwa wengi wetu zilikuwa intaneti ya kwanza ya nyumbani. Millicom, waliokuwa wamiliki wa Tigo, walinunua sehemu kubwa ya kampuni hiyo 2015, na jina likafifia. Zilikuwepo kampuni za WiMAX, zilizoahidi kufunga kisanduku darasani au ofisini na kuleta kasi bila waya. Mwaka 2012 Smile iliwasha Dar es Salaam mtandao wa LTE, yaani 4G, kwenye masafa ya 800 MHz, wa kwanza wa aina yake barani Afrika, miaka kabla kampuni kubwa za simu hazijaligusa neno 4G.

Walikuwa mbele ya wakati, na hilo ndilo lililowaponza. Ukichunguza kaburi la kila mmoja utakuta sababu inayofanana. Mtandao ulikuwa mzuri, ila kifaa cha kuupokea kilikuwa cha pekee, cha bei, na hakikuwa simu. Watengenezaji wengi wa simu za kawaida hawakuweka WiMAX ndani ya simu; CDMA ilihitaji simu yake; na mteja wa LTE ya mwanzo alipaswa kununua modemu au rauta kwanza. Kampuni za simu zilipokuja na 3G, halafu 4G, zilikuta kifaa kiko mfukoni mwa mteja tayari. Kampuni hizo hazikushinda kwa teknolojia. Zilishinda kwa sababu Wachina walikuwa wameshaleta simu za bei ya chini Kariakoo.

Funzo hilo liko wazi tangu wakati huo, na bado sera zetu zinaandikwa kana kwamba halipo.

Kuna jambo jingine kutoka miaka hiyo ambalo wengi hawaliunganishi na intaneti: ving'amuzi. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa Afrika kufanya hivyo, na watu wakalalamika kwamba wanalazimishwa kununua king'amuzi ili waone walichokuwa wanakiona bure. Malalamiko yalikuwa ya haki kwa wakati ule. Lakini matangazo ya dijitali yanabanana kwenye nafasi ndogo, na masafa yaliyoachwa wazi ni yale ya chini, ambayo yanakwenda mbali na kupenya kuta. Ndiyo dhahabu ya mawasiliano. Mnara mmoja wenye 700 MHz unaweza kufanya kazi ambayo masafa ya juu yangehitaji minara kadhaa. Mwaka 2018 TCRA iliuza kwa mnada masafa ya 700 MHz, Vodacom na Azam Telecom wakawa washindi kwa dola milioni 10 kila mmoja. Oktoba 2022 ukafanyika mnada mkubwa zaidi, wa 700, 2300, 2600 na 3500 MHz, ulioingiza dola milioni 187 kutoka kwa Vodacom, Airtel, Tigo na Halotel. Bibi aliyenunua king'amuzi kwa shingo upande alichangia kuifikisha 4G kwa mjukuu wake, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Fedha zinaonyesha kwamba wenye mitaji wanaliamini soko hili. Mwaka 2021 Airtel ilikubali kuuza minara yake ya Tanzania, ipatayo 1,400, kwa SBA ya Marekani kwa dola milioni 176.1. Helios Towers ilikuwa imeingia miaka kumi nyuma na kununua ya Tigo, kisha ya Vodacom. Mwaka 2022 kundi la wawekezaji likiongozwa na Axian liliichukua Tigo yenyewe, na Novemba 2024 likaipa jina la Yas. Viettel ya Vietnam iliingia 2015 kwa jina la Halotel, ikatandaza maelfu ya kilomita za mkongo na kuanzia vijijini, mahali ambapo wengine walikuwa wanaogopa hasara. Watu hawa hawatoi mamilioni kwa hisani. Wanajua nusu ya Watanzania ni watoto na vijana, na mtoto aliyezaliwa mwaka SEACOM ilipotua amekwisha kuwa na umri wa kudai simu yake mwenyewe.

Pale ambapo hesabu ya biashara haikubali kabisa, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya 2006. Mei 13, 2023 jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, mfuko huo ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ruzuku ndiyo iliyowashawishi. Kata hizo ni zile za mlimani na msituni, ambako jenereta ya mnara inakunywa dizeli yenye thamani kubwa kuliko mapato ya vocha zinazouzwa chini yake. Siku hizi wengi wanafunga sola na betri, na umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umesogea, lakini fundi wa minara atakwambia kwamba kazi yake bado inaongozwa na barabara: mvua zikikata njia, mnara unazima, na kijiji kinarudi kimya.

Sasa tuingie chini ya mnara.

Tatizo la kwanza ni kifaa. Kitochi, au kiswaswadu kama wengine wanavyokiita, ni simu nzuri sana kwa kazi yake: chaji inakaa siku tatu, kinaanguka na kuokotwa, kinapokea fedha. Hakifungui WhatsApp. Mwaka 2019 Vodacom ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS, iliyokuwa na WhatsApp na YouTube kwa bei ya chini. Wazo lilikuwa limeshafanya maajabu India, ambako kampuni ya Jio, iliyoingia sokoni 2016, ilitoa mwaka uliofuata simu ya JioPhone kwa amana ya rupia 1,500 na kuwaingiza mtandaoni mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kuifikiria simu janja. Huku kwetu simu ile haikupata msukumo wa namna hiyo. Kisha wenye WhatsApp wenyewe wakaiacha KaiOS. Kufikia mwanzo wa 2025 programu yao haikufanya kazi tena kwenye simu hizo. Njia ya katikati, kati ya kitochi na simu janja, ikafungwa na watu walioko California ambao hawajawahi kuisikia Kahama.

Imebaki simu ya mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki, na ukichelewa simu inajifunga. Nimewasikia watu wakiisema vibaya kwa riba, na ni kweli ukijumlisha mwisho wa siku umelipa zaidi ya bei ya dukani kwa kiasi kisicho kidogo. Hata hivyo kwa mama ntilie ambaye hajawahi kushika laki mbili kwa mkupuo mmoja, hakuna njia nyingine. Soko la intaneti linakua sasa kwa mgongo wa mikopo hii kuliko wa mnada wowote wa masafa.

Serikali iliwahi kulishika jambo hili mkononi ikaliachia. Katika bajeti ya 2021 iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ikiwa na lengo la kuyafikisha matumizi ya intaneti ya kasi asilimia 80 ifikapo 2025. Mwaka mmoja baadaye, 2022, nafuu hiyo ikafutwa kwa hoja kwamba bei hazikushuka na mlaji hakunufaika. Hoja ina ukweli ndani yake. Wafanyabiashara walikula nafuu ile, na ilikuwa mwaka ambao usafirishaji wa mizigo duniani ulipanda bei na uhaba wa vipuri vya kielektroniki ulikuwa mkubwa. Lakini mwaka mmoja si muda wa kupima chochote, na dawa ya mfanyabiashara anayekula nafuu ni kumsimamia. Wakenya kwa upande wao walikwenda na kiwanda: Oktoba 2023 kilizinduliwa Athi River kiwanda cha kuunganisha simu, na simu yake ya bei ya chini ya 4G ikatangazwa kwa shilingi 7,499 za Kenya. Hata hiyo si bei ya maskini, lakini ni mwelekeo unaoeleweka.

Tatizo la pili ni bando. Kodi zake hazionekani kwa macho, kwa hiyo tuzifanyie hesabu. Huduma za mawasiliano zinatozwa ushuru wa bidhaa wa takriban asilimia 17, kisha juu ya jumla hiyo VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Katika kila shilingi 1,000 unayojiunga nayo, takriban shilingi 276 ni kodi kabla kampuni haijalipa mnara, umeme, leseni na mshahara. Ushuru wa bidhaa ndio tunaoutoza pombe na sigara. Kuna mtu aliamua kwamba kijana anayesoma masomo ya kidato cha nne kwa video anapaswa kupunguzwa kasi kwa njia ileile tunayompunguzia mlevi.

Ndiyo maana taifa zima limejifunza ubahili wa data. Wanafunzi wa vyuo wanaweka alamu saa sita usiku kusubiri kifurushi cha usiku, wanapakua mihadhara na muvi, wanalala alfajiri na kusinzia darasani. Watu wanazima data kila baada ya ujumbe mmoja. Kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo na muvi, ambavyo vimejaa kuanzia Buguruni hadi Tunduma, kijana mmoja ananunua bando moja na kuwauzia watu hamsini alichokipakua, kwa flashi na memori kadi. Wachambuzi wanaosema wateja wa Afrika hawana hamu ya maudhui wangekaa saa moja kwenye kibanda hicho. Hamu ipo kubwa sana. Inayokosekana ni bei inayolingana nayo.

Watu wetu ni wavumilivu, lakini kwenye bando uvumilivu huisha. Aprili 2, 2021 vifurushi vipya vilipoanza kutumika watu walifungua simu wakakuta fedha ileile inanunua GB chache zaidi. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba utaratibu huo ulisitishwa na bei za zamani zikarudishwa. Sikumbuki ongezeko la bei ya mafuta au sukari lililotenguliwa upesi hivyo.

Kampuni zinajibu kwamba mnara una kikomo, na hapo zina hoja. Mawimbi ya mnara ni kama bomba la maji la mtaa: wote mnachota hapo hapo, na saa mbili usiku kila mtu akiwa na ndoo yake maji yanatiririka kwa uzi. Kuongeza kasi kunahitaji masafa zaidi, minara ya karibu zaidi, na mkongo mnene unaoilisha minara hiyo yote. Ndiyo kazi ya 5G, ambayo Vodacom iliiwasha Septemba 1, 2022 na wengine wakafuata. Wengi waliicheka wakisema nani ana simu ya 5G. Walikuwa wanaangalia simu. Mimi nadhani 5G ya Tanzania haitakuwa ya simu kwa miaka kadhaa. Itakuwa ya rauta. Kampuni zinafunga kisanduku sebuleni, mteja analipia kasi kwa mwezi badala ya GB, na nyumba yenye watu saba inaacha kuhesabu. Ukonga au Goba, ambako kuchimba mtaro wa mkongo hadi kila geti ni kazi ya miaka, rauta inafungwa mchana mmoja. TTCL inajitahidi na mpango wake wa Faiba Mlangoni Kwako, na panapofika mkongo hakuna cha kuushinda. Lakini mitaa yetu inajengwa haraka kuliko mitaro inavyochimbwa.

Na rauta inapofika mtaani, haikai kwa mwenyewe. Mwenye duka la vocha ananunua huduma ya mwezi isiyo na kikomo, anapandisha antena juu ya bati, anachapisha vikaratasi vyenye namba za siri, na kuwauzia majirani intaneti ya saa au ya siku kwa shilingi mia kadhaa. WiFi ya mtaani imekuwa biashara kamili Dar, Mwanza na Arusha. Kisheria, kuuza huduma ya mawasiliano kunahitaji leseni ya TCRA, na wengi wa vijana hawa hawana. Mamlaka inaweza kuwafukuza, au inaweza kuwatungia leseni ndogo ya bei ndogo na kuwafanya wawe mawakala kamili. Kenya imeonyesha kwamba biashara ya namna hii inaweza kukua hadi ikawa kampuni: Mawingu ilianzia Nanyuki 2013 ikijaribu, pamoja na Microsoft, kutumia masafa matupu ya televisheni, na mwishoni mwa 2024 ilitangaza kuinunua Habari, mtoa huduma mkongwe wa Arusha. Ningekuwa mdhibiti, ningewapa hawa vijana kipaumbele kuliko semina zote za uchumi wa kidijitali zinazofanyika hotelini.

Wapo wanaoniambia yote haya yatapitwa na wakati, setilaiti inakuja. Niliwasikia wakisema hivyo hivyo juu ya maputo. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya kundi la Google, ilianza pamoja na Telkom Kenya kurusha 4G kutoka kwenye maputo yapatayo 35 juu ya magharibi na katikati ya Kenya. Dunia ilishangilia. Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, ni kitu kingine, hilo nalikubali. Ilianza Rwanda Februari 2023, Kenya Julai mwaka huohuo, na ushindani wake uliifanya Safaricom kwanza iandikie mamlaka ya Kenya ikitaka setilaiti zifanye kazi kwa ubia na kampuni za nchini, kisha iongeze kasi kwa wateja wake wa mkongo. Lakini kufikia Novemba 2024 Starlink ilikuwa imesitisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa sababu imejaa. Setilaiti hutawanya nguvu yake sawasawa juu ya ardhi, nasi hatuishi sawasawa juu ya ardhi. Kwa kambi ya watalii Ruaha, mgodi, kisiwa cha Ziwa Victoria au kituo cha afya cha porini, dishi lile ni neema, na Tanzania imekuwa na mwendo wa kinyonga katika kulipa nafasi. Kwa mtaa uliosongamana kama Tandale, si jibu.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko chini ya bahari. Jumapili ya Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na nchi nzima ikajua kwamba intaneti yake isiyo na waya inategemea waya. Malipo ya benki yalikwama, madereva wa Bolt waliegesha, wauzaji wa Kariakoo wanaofanya biashara kwa Instagram na WhatsApp walikaa wakiangaliana. Mkongo wa 2Africa ulikwisha kufika Dar 2023 kwa mkono wa Airtel, na hilo linaongeza njia. Hatari nyingine haihitaji waya kukatika. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na kubaki hivyo kwa siku kadhaa. Chochote mtu anachofikiri juu ya sababu zake, mwekezaji anayekokotoa faida ya miaka kumi ameongeza mstari mmoja kwenye jedwali lake la hatari, na mama muuza vitenge wa mtandaoni amejifunza kuweka akiba ya siku za giza.

Pamoja na hayo yote, utabiri wangu ni kwamba soko litakua, na litakua kwa kishindo. Vijana ni wengi, mkongo upo, masafa yameuzwa, minara inasimama. Swali ni kama litakua kwa wale waliokwisha kuwamo, wakitoka GB mbili kwenda ishirini, au litawafungulia pia wale walioachwa chini ya mnara. La kwanza litatokea lenyewe. La pili linahitaji uamuzi, na uamuzi huo unakaa bungeni Dodoma, bajeti inapopitishwa Juni ya kila mwaka. Bajeti ijayo irudishe nafuu ya VAT kwa simu janja za bei ya chini pekee, bei ya rejareja ikitangazwa na kukaguliwa dukani, na iachwe ifanye kazi kwa miaka isiyopungua mitatu. Ushuru wa bidhaa kwenye data utenganishwe na ule wa sigara na uanze kupunguzwa. Na mbunge wako akija kukuahidi mnara mwingine, mwulize kwanza alipiga kura gani juu ya simu.